Kamba Haikukatika

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa imesimama pembeni ya barabara ya Morogoro hapa Dodoma, upande wa Nanenane, mita chache baada ya tuta. Ndani ya bodi, Boxer nyekundu imelalia ukuta wa kushoto, usukani umetokeza nje, mkono wa klachi umepinda, petroli inadondoka tone moja moja kwenye bati. Mwenye pikipiki kashika kiuno. Dereva hakuwa na sura ya mtu mwenye kosa hata kidogo.

“Kaka, kamba si hizo hapo? Zishike mwenyewe.”

Akazishika. Kamba ya manila ya upande wa kushoto ilikuwa imelegea, lakini fundo lake lilikuwa gumu, halifunguki kwa vidole. Upande wa kulia, ambako kamba iliisha wakamalizia na mpira wa tyubu, mpira ulikuwa umevutika ila mzima. Kamba ya nyuma, ile iliyozungushwa kwenye keria, ilikuwa pale pale ilipofungwa.

Hakuna kilichokatika. Hakuna kilichofunguka.

Na pikipiki iko chini.

Hilo ndilo lililonikera kwa wiki kadhaa, maana dereva alikuwa na hoja. Sote tukifunga mzigo tunauliza swali moja tu: imekaza? Tunaitikisa, haitikisiki, tunaondoka. Ile ilikaza. Basi kama kukaza si jibu, jibu ni nini?

Standi kubwa

Wazo la kwanza lilikuwa kuulaumu mpira. Ni lawama rahisi, na nusu yake ni haki, tutaurudia. Lakini pikipiki ilipandishwa ikiwa imesimama kwenye standi kubwa, na pikipiki iliyo juu ya standi kubwa haiangushwi na mpira peke yake. Lazima kwanza kitu kiishushe kwenye standi.

Fikiria unavyoitoa standi kubwa kila asubuhi. Unashika usukani, unaisukuma pikipiki mbele, miguu ya standi inakunjika kuelekea nyuma, tairi la nyuma linagusa chini. Basi.

Gari likifunga breki ghafla linafanya kitendo hicho hicho, na halikuulizi.

Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo huhesabu kwamba kwenye breki kali mzigo unasukumwa mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwenda pembeni au nyuma. Pikipiki zetu nyingi za kazi zina kilo 110 hadi 125. Chukua 120: hizo ni kilo 96 zinazosukuma mbele. Na kati ya tairi la mbele na ukuta wa mbele wa bodi kulikuwa na nafasi ya karibu shubiri moja. Pikipiki ilikuwa na pa kwenda.

Ikaenda. Standi ikakunjika. Nyuma ikashuka sentimita tatu, nne, kisha shokapu zikakaa chini zaidi kwa uzito wake. Kamba zilibaki na urefu ule ule zilizofungwa nao. Fundo likabaki fundo.

Pikipiki ndiyo iliyofupika.

Orodha ya vitu vinavyofupika

Ukishaliona hilo, huwezi tena kuangalia mzigo kwa macho ya zamani. Kila pikipiki iliyoanguka huku kamba ikiwa nzima, kuna kitu kilichofupika chini ya kamba. Standi ni kimojawapo. Standi ndogo nayo: ukikaza mikanda huku imeteremshwa, uzito wote wa kukaza unaishia kwenye kile kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye fremu, kinapinda au kinapata ufa, na pikipiki inashuka upande huo kidogo kidogo mpaka mkanda unalegea. Watu wengi huiacha chini “iwe akiba”. Naelewa kwa nini, lakini akiba hiyo inakula mtaji. Standi zote mbili ziwe juu, pikipiki isimame kwenye matairi yake.

Tairi lenye upepo kidogo linafupika. Usukani nao: ni bomba lililobanwa na vishikio viwili, ukivutwa chini kwenye ncha zake unazunguka ndani ya vishikio. Unazunguka digrii chache tu, lakini kwenye ncha ya usukani digrii chache ni sentimita kadhaa. Godoro au maturubai uliyoweka chini ya tairi ili “isikwaruzike” yanafupika kuliko vyote.

Na shokapu. Kila tuta, shokapu zinabonyea na kurudi. Kuna sekunde ndogo ambayo kamba zote zinakuwa legevu kabisa. Hapo ndipo ndoano zisizo na kifungio zinapodondoka, na dereva hajui kitu mpaka tuta linalofuata. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro au Singida, hesabu mwenyewe vibao vya 50 na matuta yaliyopo kila kijiji.

Springi moja tu

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko pengine pote.

Kama tatizo ni kwamba pikipiki inafupika, dawa inayoonekana ni kamba inayofuata: kitu kinachovutika, ili pikipiki ikishuka, kamba nayo irudi. Yaani mpira! Wapakiaji wetu hawakuuchagua kwa ujinga. Mpira wa tyubu haukatiki kirahisi, haukwaruzi rangi, haulegei ghafla, na unapatikana bure kwa fundi wa pancha. Kwa kreti la soda juu ya keria hakuna kinachoushinda.

Ila kinachofuata pikipiki ikishuka, kinaifuata pia ikiegemea. Pikipiki ikiinama kushoto, mpira wa kulia hauikatazi, unaisindikiza. Kisha unairudisha, inapitiliza upande wa pili, inarudi tena. Shokapu nazo zinapiga zao. Ukiwa na springi mbili, moja ndani ya pikipiki na nyingine kwenye kamba, kila moja inaichochea mwenzake. Ile Boxer ilienda kushoto kwa sababu kulia kulikuwa na mpira.

Basi springi iwe moja, na iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: shokapu za mbele. Kamba isivutike. Unazibonyeza shokapu kwa mikanda mpaka zifike sehemu ya safari yake, unazifungia hapo. Sasa shokapu inasukuma juu muda wote, mkanda unavuta chini muda wote. Kitu chochote kikifupika sentimita moja, shokapu inapanda sentimita moja na mkanda unabaki umekaza. Si mkanda unaoishika pikipiki. Ni ule ugomvi kati ya mkanda na shokapu.

Ubonyeze kiasi gani? Hapo mafundi wanagombana. Wapo wanaosema bonyeza mpaka mwisho, isicheze kabisa. Nadhani wamekosea, na sababu ni ile ile: shokapu iliyofika mwisho haina tena safari ya kumeza tuta, kwa hiyo kila pigo linaenda moja kwa moja kwenye mkanda, kwenye ndoano na kwenye fremu. Wapo wanaoogopa kubonyeza hata kidogo, eti sili, ile mipira inayozuia oili ya shokapu isitoke, zitavuja. Sili inafanya kazi hiyo hiyo kila siku ukiwa umepakia abiria wawili na gunia. Inayovuja baada ya safari mara nyingi ni ile iliyokuwa imeshaliwa na vumbi; na vumbi Dodoma halijawahi kuwa haba. Futa bomba za shokapu kwa kitambaa kabla ya kuzibonyeza.

Theluthi moja hadi nusu ya safari inatosha. Shokapu za mbele za pikipiki hizi husafiri milimita 110 hadi 130 hivi, kwa hiyo unatafuta sentimita 4 hadi 6. Usikisie: pima kwa futi kutoka kwenye madigadi ya mbele mpaka chini ya taa kabla ya kukaza, pima tena baada ya kukaza, toa.

Mkanda, na pa kuufunga

Mkanda wa racheti, yaani wenye kikazio cha mpini, wa upana wa milimita 25 unatosha, minne, ukiwa mzima. Soma lebo. Yenye viwango vya Ulaya hupaka lebo rangi kulingana na uzi: buluu ni polista, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropileni. Tafuta buluu. Polista inavutika kidogo sana, nailoni inavutika zaidi, na tumeshaona kwa nini hilo ni tatizo. Kamba za manila za plastiki zinazouzwa kwa mita zinaharibiwa na jua. Ile iliyokaa juu ya bodi mwaka mzima ikiwa inatoa unga ukiisugua, ifungie mbuzi.

Kama huna racheti, kamba nzuri isiyovutika inafanya kazi kwa kitanzi cha kukazia: fanya kitanzi katikati ya kamba, pitisha ncha chini ya ndoano ya bodi, irudishe ipite ndani ya kitanzi, vuta kuelekea chini, bana kwa vidole mahali inapokunjika, malizia kwa mafundo mawili. Kwa hesabu tupu unapata nguvu mara tatu ya mkono wako. Msuguano wa kamba kwa kamba unakula sehemu kubwa ya hiyo, lakini inayobaki inatosha kubonyeza shokapu mwenzako akiwa amekaa juu ya pikipiki na kuegemea usukani.

Mbele usifunge kwenye ncha za usukani. Mbali na kuzunguka, mkanda unabana waya za klachi, breki na mafuta. Funga kwenye kile chuma kizito kinachoshika bomba mbili za shokapu chini ya usukani. Ndoano ya chuma haingii pale vizuri, kwa hiyo tumia kitanzi kifupi cha mkanda mlaini kwanza, ndoano ishike kitanzi. Kutoka hapo mikanda miwili ishuke mbele na kwenda nje, kila mmoja upande wake, kwa pembe ya karibu digrii 45. Ikishuka wima haizuii kuinama. Ikilala sana haibonyezi kitu.

Kaza kwa zamu: kushoto mibofyo miwili, kulia miwili. Ukimaliza upande mmoja kwanza, pikipiki itasafiri ikiwa imeinama na shokapu moja ndiyo itakayobeba kazi.

Racheti ina nguvu kuliko unavyohisi mkononi, na kosa la kawaida ni kuzungusha mpaka isiende tena. Ngoma yake iwe na mizunguko miwili au mitatu ya mkanda, si kumi, la sivyo itajibana na hutaifungua bila kisu. Mkanda ukipita kwenye kona ya bati la bodi, weka kipande cha tairi chini yake. Upe pindo moja, nusu zungusho, ili upepo usiutetemeshe. Mkia uliobaki ufungwe.

Nyuma usitegemee keria. Boliti zake ni ndogo. Funga kwenye fremu penye kiungo cha shokapu za nyuma au kwenye vikanyagio vya abiria pale vinapoungwa na fremu. Mikanda ya nyuma ishuke ikielekea nyuma na nje. Kazi yake ni mbili: tairi la nyuma lisirukeruke pembeni, na pikipiki isiongeze msukumo mbele. Haihitaji kubonyeza sana.

Na tairi la mbele liguse ukuta wa mbele. Liguse kweli, na kipande cha tairi bovu katikati. Zile kilo 96 zibebwe na ukuta. Mikanda ya mbele haiwezi kuzizuia, maana yenyewe inavuta mbele.

Mpira wa tyubu? Ndiyo, sasa ulete. Funga mkono wa breki ya mbele ukiwa umebanwa, tairi lisizunguke. Zungushia kila ndoano ili isidondoke ile sekunde ya kulegea. Hapo mpira uko kazini kwake.

Kirikuu ni fupi

Bodi ya Kirikuu ina karibu mita 1.9 kwa 1.4, na pikipiki ina karibu mita 2. Unaweza kuacha mlango wa nyuma wazi, au ukaisimamisha mshazari, tairi la mbele likiingia kona. Mshazari wa bodi hiyo ni karibu mita 2.4, kwa hiyo mlango unafungwa, na kona inalishika tairi pande mbili. Ubaya wake ni kwamba gari likifunga breki, msukumo hauji sawa na urefu wa pikipiki, unaikata ubavu. Mkanda mmoja wa nyuma utafanya kazi kuliko mwenzake, huo uwe mpya kuliko yote. Kwa safari ya Kizota mpaka Majengo naona mshazari hauna shida. Kwa Iringa kupitia Mtera, kilomita 260 hivi, ningetafuta Canter.

Tela sina mengi ya kusema, kwetu ni chache: uzito wa pikipiki ukae mbele ya ekseli kidogo, ili ndoano ya gari ibebe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Ukikaa nyuma ya ekseli, tela linaanza kucheza mkia.

Kupandisha

Wanaume wanne wanainyanyua, ndiyo, na huwa inaisha vizuri mpaka mmoja anaposhika indiketa. Kama ni kunyanyua, mbele mshike chini kabisa ya bomba za shokapu, nyuma kwenye fremu chini ya kiti. Eksozi iwe imepoa. Tairi la mbele lipande kwanza, pumzikeni, ndipo la nyuma.

Mbao ni bora. Ya inchi 2 kwa 10, isiyo na jicho kubwa katikati, na urefu wake usipungue mara tatu ya kimo cha bodi. Bodi ya Kirikuu iko sentimita 65 hivi kutoka chini, kwa hiyo mbao ya mita 2: unasukuma kama kilo 39 kwa pikipiki ya kilo 120. Mbao hiyo hiyo kwenye Canter yenye kimo cha sentimita 95 inakutaka kilo 57, na pembe inakuwa kali kiasi kwamba tumbo la injini linakwama kwenye ukingo tairi la mbele likishaingia. Funga kichwa cha mbao kwenye bodi kwa kamba. Isiyofungwa inaweza kuteleza na kutoka kama ulimi wa nyoka.

Hata hivyo njia nzuri kuliko zote ni ile wanayoitumia wazee wa vijijini: rudisha nyuma ya gari kwenye ukingo wa mtaro au kichuguu mpaka bodi na ardhi vilingane. Pikipiki inaingia kama inaingia ndani ya nyumba.

Asukumaye asimame kushoto, mkono kwenye breki ya mbele, msaidizi nyuma. Injini izimwe. Kupanda kwa gia namba moja huku unatembea pembeni kunaonekana kuwa ustadi mpaka klachi iponyoke.

Kabla ya kufunga, koki ya mafuta iwe imefungwa. Mtikisiko unalichezesha boya la kabureta, petroli inafurika, na ikiingia kwenye silinda itashuka mpaka kwenye oili. Tangi lisijazwe, jua la saa nane litatanua mafuta na kuyatafutia njia. Kama ni betri ya maji, hakikisha bomba lake la kupumulia halimwagi tindikali kwenye cheni.

Kuhusu kuiacha kwenye gia au bila gia, sijapata hoja inayonishawishi kabisa. Gia inazuia tairi la nyuma. Lakini pikipiki ikitikisika kwa muda wa saa tano, meno ya gia yanagongana muda wote huo. Naegemea bila gia kama tairi la mbele limegusa ukuta na breki imefungwa kwa mpira. Vinginevyo namba moja.

Juu ya magunia

Msimu wa mavuno, pikipiki nyingi kutoka Kongwa na Kibaigwa husafiri juu ya mahindi au alizeti. Kumbuka ile orodha: gunia linafupika kuliko shokapu. Kilomita 20 za kwanza mzigo mzima unajipanga upya na kushuka. Ukifunga kwenye kamba za turubai umefunga kitu kinachoshuka kwenye kitu kinachoshuka. Mikanda ifike kwenye vyuma vya bodi. Na hapa ndipo pekee ninapokubali kuilaza: koki imefungwa, mafuta yametolewa kwenye tangi na kabureta, betri imetolewa.

Kwa safari yoyote, simama baada ya kilomita 5 hadi 10 ukaze upya. Ukielekea Singida, fanya hivyo kabla ya mizani ya Nala. Ukielekea Morogoro, usivuke Ihumwa bila kuishika mikanda kwa mkono. Usiitikise pikipiki, bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba, kisha pima tena zile sentimita zako.

Kushusha

Watu huchoka wakifika, na racheti ya kwanza inayoonekana ndiyo inayofunguliwa. Subiri mtu ashike usukani. Fungua za nyuma zote mbili. Teremsha standi ndogo, kushoto. Legeza mkanda wa kulia mbele polepole, pikipiki ivutwe na wa kushoto mpaka iegemee standi, ndipo ufungue wa kushoto, wa mwisho kabisa.

Kurudi nyuma kwenye mbao, breki ya mbele haitakusaidia sana: tairi la mbele liko juu, jepesi, litateleza likiwa limefungwa. Weka gia namba moja injini ikiwa imezimwa, shuka kwa kuachia na kubana klachi. Ukitaka isimame, achia klachi.